Neno "Titi" Lilifutwa, Muuza Mizizi Akaachwa

Mshauri wetu mpendwa,

Salamu nyingi, na nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama naandika kwa hasira, maana nimejaribu kusubiri nitulie kwanza nikashindwa, kila nikitulia nakumbuka na hasira inapanda upya, na mtu ambaye ningezungumza naye mambo kama haya ndiye huyohuyo niliyegombana naye, yaani wifi yangu, dada wa mume wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina duka la kushonea, chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, mimi nashona na wifi anakata, na kwa kukata sijamwona mpinzani wake, mteja anaingia na kipande cha kitambaa ambacho fundi mwingine angemrudishia, wifi anakizungusha mezani, anakikunja hivi, anakikunja vile, na gauni linatoka. Tumefanya kazi hivyo tangu nilipoolewa. Halafu nikaugua. Nilikatwa titi la kushoto, na naliandika hivyohivyo, titi, kwa sababu barua yangu yote inahusu neno hilo. Aliyeniuguza ni wifi. Mume wangu alikuwa mtu wa kusimama mlangoni na kuuliza "anaendeleaje", lakini aliyeniosha ni wifi, aliyebadilisha bendeji ni wifi, aliyenishika kichwa dawa ya dripu iliponitapisha ni wifi, na hata mara moja hakuniambia amechoka. Ila hata siku zile, akiwa anasafisha kidonda kwa mikono yake, alikuwa anasema "kifua". "Kifua chako kinakauka vizuri, wifi." Sikulitilia maanani.

Nilipopata nguvu nikajishonea kifuko cha kujaza sidiria upande ule, nikakitia mtama kiwe na uzito wa kweli, maana ukijaza pamba peke yake kinapanda juu na unatembea bega moja limeinuka kama mtu anayebishana. Wenzangu kliniki wakakiona, wakaniomba niwashonee, mmoja akamwambia mwingine, na kutokana na mazungumzo yale mimi na wifi tukafungua kikundi mtandaoni, tukakiita Upande Mmoja, tukawa wasimamizi sisi wawili. Kikakua mpaka tukawa hatuwajui tena watu kwa sura. Wanawake wa miji ambayo hatujawahi kufika wakawa wanauliza yale ambayo hospitali huwezi kuuliza, kwa sababu foleni ni ndefu na daktari ameshaanza kumwita mwingine: je, mkono utaacha kuvimba, je, mume wangu atanigusa tena, je, uvimbe usiouma nao ni uvimbe. Kilio kilikuwapo na kicheko kilikuwapo. Kuna mmoja kifuko chake kilipasuka kwenye harusi ya jirani, mtama ukawa unadondoka kila anapopita, na kuku wakamfuata nyuma kama wapambe. Tulicheka mpaka kovu likaniuma.

Basi wenye mtandao wakaanza kutufuta. Wala si watu, ni mashine yao inayosoma maandishi ya watu. Ukiandika "titi", inasema ni uchafu. Ukiandika "chuchu", inakuona unauza mwili. Mwenzetu mmoja aliweka mchoro wa jinsi mwanamke anavyojipapasa kutafuta uvimbe, mchoro wa kalamu tu, ameunakili kutoka ukutani kliniki, ukafutwa na yeye mwenyewe akafungiwa. Tukaletewa onyo kwamba kikundi kizima kitafungwa. Nikaandika malalamiko, nikajibiwa na mashine ileile, kwa adabu zote, kwamba malalamiko yangu yamepitiwa na uamuzi ni uleule.

Wifi akaogopa. Akasema tusipojisafisha wenyewe watatufunga, na wanawake wote hawa watakwenda wapi, na hapo nilimwelewa. Akaweka mtego wa maneno. Kikundi kinaruhusu hivyo, msimamizi anaandika maneno asiyoyataka, na ujumbe wowote wenye maneno hayo unajifuta kabla haujasomwa na mtu. Akaweka titi. Akaweka chuchu. Akaweka unyumba. Baadaye mwenzetu mmoja alifariki na watu wakaanza kutishana, akaweka kifo na kufa. Sasa mshauri, wanawake wa kikundi cha saratani ya matiti hawawezi kusema titi wala hawawezi kusema kufa, wewe niambie wamebakiwa na nini cha kusema, habari za hali ya hewa?

Walibakiwa na mafumbo. Wakaanza kusema "mto". Mto wangu wa kulia una kinundu, mto wangu umekatwa wiki iliyopita. Mwanzoni ilikuwa kichekesho, hata mimi nilicheka. Lakini mgeni akiingia hajui fumbo, na huo ugonjwa haumsubiri mtu ajifunze mafumbo.

Sasa nifike penyewe. Asubuhi moja aliingia dukani mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani kimefungwa mpaka kwenye nyusi, akasema anataka kifuko cha mtama. Nitamwita Mama Pacha, maana ana pacha wa kike, ndio aliowataja kwanza. Nikamfungia pazia, nikatoa futi, nikawa nampima huku namzungumzisha kama ninavyofanya kwa wote ili wasione aibu. Nikamuuliza nani amemwelekeza kwetu.

"Hakuna aliyenielekeza," akasema. "Nilikuwa kwenye kikundi chenu."

"Oo, karibu sana dada yangu. Mbona sikukumbuki?"

"Huwezi kunikumbuka. Mlinifuta."

Aliyasema bila kupandisha sauti, mikono ameiinua pembeni ili nimpime vizuri. Akanisimulia kwamba chuchu yake ilikuwa ikitoa damu na hakuwa akinyonyesha. Akaingia kwenye kikundi, akaandika hivyohivyo kama ilivyo, akauliza kama ni jambo la kawaida. Ujumbe ukapotea. Akadhani ni mtandao, akaandika tena, ukapotea tena, na safari hii akaletewa onyo kuhusu lugha ya heshima. Akauliza kwa nini ujumbe wake unapotea, na kuna aliyemnong'oneza pembeni kwamba hapa tunasema mto. Akaandika, "Mto wangu unatoa damu, nifanye nini?" Akajibiwa na mgeni mwingine asiyejua fumbo, tena kwa moyo safi kabisa, kwamba aloweke foronya kwenye maji baridi yenye chumvi, asitumie ya moto, damu itaganda.

"Nilicheka," Mama Pacha akaniambia. "Halafu nikalia."

Chini ya jibu hilo alikuwa ameandika mwanamume mmoja anayejiita Daktari Mizizi. "Dada mpendwa usihofu, kifua chako kitapona bila kisu." Hakuna neno hata moja baya hapo, mshauri. Mtego ukampisha. Mashine ya wenye mtandao ikampisha. Mama Pacha akampigia simu, akanunua chupa ya mizizi yake, akanywa mpaka mkono ukawa haunyanyuki, na alipofika hospitali daktari akamuuliza alikuwa wapi siku zote.

"Nikamwambia nilikuwa nauliza," akasema. "Nilikuwa kwenu, nauliza."

Wifi alikuwa upande wa pili wa pazia, mezani, na mkasi mkononi. Alisikia yote. Nilijua amesikia kwa sababu mkasi ulinyamaza.

Mama Pacha alipotoka tu nikachukua simu na kuondoa mtego wote, neno moja baada ya jingine, bila kumuuliza wifi.

Sitakudanganya, mwanzoni ilikuwa kama watu waliokuwa wamebanwa pumzi. Mwanamke ambaye hakuwahi kuandika hata salamu aliandika habari ndefu ya jinsi mume wake alivyohamia chumba cha watoto tangu alipotoka hospitali, na wenzake wakamjibu mpaka alfajiri, wengine kwa ushauri, wengine kwa kumtukana huyo mume tu, naye akasema hata matusi yale yamemsaidia. Nikasema, si mnaona sasa.

Halafu wakaja wengine. Wakaja wanaume wa kuomba picha. Daktari Mizizi akarudi na ndugu zake, kila mmoja na chupa yake. Kuna mwenzetu mpishi wa shule, mtu wa furaha, alikuwa ameweka picha ya kovu lake ili wanaosubiri kukatwa wasiogope, kuna mtu akaichukua, akaitoa nje ya kikundi, akaiandikia maneno ya kejeli, ikazunguka mpaka ikafika kwenye simu za wanafunzi wa shule ileile anayopikia. Walichora kwenye ukuta wa jiko. Mpishi alitoka kwenye kikundi bila kuaga na simu yangu hapokei. Na mwingine akaandika kwamba anaacha dawa, amechoka, anataka apumzike moja kwa moja. Watu wakamjibu kwamba sumu zile za hospitali aachane nazo, Mungu ndiye daktari, wakamjazia na alama za mioyo. Siku nzima cherehani ilikaa kimya, natafuta namba ya mtu anayemjua, mpaka nikampata dada yake, akamkuta yuko hai. Yuko hai mpaka leo, lakini kwa bahati, si kwa sababu yangu.

Hapo ndipo wifi aliposema, "Umeona?"

"Nimeona," nikamjibu. "Na wewe Mama Pacha ulimwona?"

"Nilimwona. Unadhani mimi nalala? Lakini wifi, aliyemwangamiza yule si heshima. Ni muuza mizizi."

"Muuza mizizi alipita mlangoni, na mlinzi ulikuwa wewe, umekazana kufukuza wagonjwa."

Akalaza kitambaa kwa kiganja kana kwamba kina mikunjo. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama yetu aliugua ugonjwa huuhuu. Alilala kitandani mpaka akawa mwepesi kama mtoto. Hakuna mtu aliyezitaja sehemu zake, si jirani, si mimi niliyekuwa namwosha. Tulisema kifua. Alikufa na heshima yake."

Nikamwambia, "Ndiyo maana alikufa."

Aliufunga mkasi wake kwenye kitambaa, akauweka kwenye mkoba, akatoka, na hajarudi dukani mpaka leo. Vitambaa vya wateja vimelala mezani havijakatwa. Mume wangu anakula bila kunitazama, na aliponitazama aliniambia, "Mama yangu hukumkuta. Umemtoa kaburini ili umsute." Anataka kikundi kifungwe kabisa. Wifi naye ameniletea ujumbe mfupi: nirudishe mtego, au niondoe jina lake.

Ukweli ni kwamba nimeshaandika tangazo. Nimeeleza mtego uliwekwa na nani na ulimfanya nini Mama Pacha, na wifi nimemtaja kwa jina lake, ili wanachama wote wajue wa kumuuliza. Imebaki kubonyeza tu. Maana ninachochukia zaidi ni kwamba hakuna anayewajibika, mwenye mtandao anasema ni mashine, wifi anasema ni heshima, muuza mizizi anasema ni Mungu, na Mama Pacha ndiye anayenyonyoka nywele. Kwa hiyo nakuuliza, nimtoe wifi hadharani, nirudishe mtego, au nifunge kila kitu nirudi kushona sare za shule? Na je, hasira yangu ina haki au haina?

Ni mimi,
Fundi wa Upande Mmoja

---

Fundi,

Hasira yako ina haki. Tangazo lako halina. Lifute kabla hujaendelea kusoma, nakusubiri.

Sasa tuzungumze. Umewakasirikia watu wengi kwa wakati mmoja, na kwa kuwa wengine huwafikii, umemgeukia aliye karibu. Wenye mtandao huwajui wanakokaa. Muuza mizizi hujui hata sura yake. Wifi unajua mlango wake, unajua jina lake, unajua na pa kumchoma, na ulishamchoma mara moja. Unataka kwenda mara ya pili mbele ya umati. Kisha utakuwa umefanya nini? Utakuwa umewafundisha wanawake wale wote kwamba kwenye kikundi chenu msimamizi akikosea anavuliwa nguo barabarani. Nani atakubali kusimamia baada ya hapo? Na mpishi wa shule si ndivyo alivyofanyiwa?

Tena nikukumbushe jambo ulilolipita haraka kwenye barua yako. Wasimamizi mlikuwa wawili. Mtego ulipowekwa ulikuwapo, na mafumbo ya mito yalipoanza ulikuwa unacheka pamoja na wenzako. Sikusemi ili ulale na hatia, nakusema ili uache kuzungumza kama mtu aliyeingia jana.

Kuhusu ile mashine, sina cha kuwatetea wenyewe. Wameweka mlangoni kitu ambacho hakijawahi kuugua wala kunyonya, kikipewa neno kinaangalia herufi tu. Mwanamke anayeuliza kuhusu titi lake na mtu anayelitukana, kwake ni sawa. Mwizi akija amevaa shati safi kinamfungulia na kumkaribisha ndani. Na huko si mtandaoni tu. Barua yako ilipopita mezani kwa mhariri wangu ilirudi kila "titi" limegeuzwa "sehemu nyeti", na chuchu imekatwa kabisa. Nikaenda ofisini kwake nikamuuliza alipozaliwa alinyonyeshwa sehemu gani. Aliinamia karatasi zake muda mrefu, akasema wasomaji watalalamika. Nikamwambia walalamike kwangu. Amerudisha maneno yako yote, na kama wewe msomaji umekasirika kuyaona hapa wakati unakunywa chai, niandikie, nitakujibu.

Lakini usifurahi bado. Uliwafungulia watu mlango kwa hasira, ukautoa na bawaba zake, kisha ukashangaa kuona wapita njia ndani. Kuruhusu watu waseme na kuacha nyumba bila mwenyewe ni mambo mawili. Mpishi wa shule hakuumizwa na neno, aliumizwa kwa sababu hakuna aliyekuwa macho. Yule aliyetaka kupumzika moja kwa moja hakuumizwa na neno "kufa", aliumizwa na mioyo ile waliyomwekea. Wifi alipokuambia "umeona" alikuwa na jambo la kweli mkononi, na wewe badala ya kulichukua ukamrushia kaburi la mama yake.

Kikundi usikifunge. Mtego usiurudishe. Fanya kazi, maana kusimamia watu ni kazi kama kushona, haijifanyi.

Maneno yote ya mwili yaruhusiwe, na maneno ya kifo pia, kwa sababu ndiyo maisha ya watu waliomo humo. Kisichoruhusiwa ni biashara ya tiba. Anayeuza chupa, mizizi, maombi ya kulipia au namba ya kupiga ili upone bila kisu, atolewe siku hiyohiyo, hata akiandika kwa lugha ya kumbembeleza malaika. Aombaye picha atolewe bila maelezo. Picha za makovu zisiwekwe uwanjani. Anayesubiri kukatwa na anataka kuona, aunganishwe na mwenzake mmoja anayefahamika, wazungumze wao wawili. Mtu akiandika kwamba amechoka kuishi, ujumbe wake usifutwe hata kidogo, ila majibu ya uwanjani yafungwe na mmoja wenu ampigie simu, na kwa hiyo kila anayeingia aache namba ya mtu wake wa karibu. Hilo ungekuwa nalo, usingetafuta dada wa mtu siku nzima.

Na pasiwe na mtu wa kufuta peke yake, si wifi, si wewe, si mtego. Mtu akifutwa aambiwe kwa nini, na aambiwe swali lake alipeleke wapi. Mama Pacha angeandikiwa tu, "Dada, hili nenda nalo hospitali kesho asubuhi," hata kama ujumbe wenyewe ungeondolewa, leo tungezungumza habari nyingine. Mwombeni nesi mmoja wa kliniki yenu aingie kuwa msimamizi wa tatu. Yeye ndiye aandike nanyi kwa wenye mtandao kila mnapofutwa, kwa muhuri wa kliniki, na msichoke kuandika. Wakijibu kwa mashine mara kumi, mara ya kumi na moja leteni majibu hayo yote hapa gazetini, nami nitayachapisha pamoja na jina la kampuni yao. Hapo ndipo hasira yako ina kazi. Huko ndiko kuna mtu wa kuwajibika, na anategemea uendelee kugombana na wifi yako ili usimfikie.

Huyo Daktari Mizizi mpelekeni polisi. Mama Pacha ana ujumbe wake kwenye simu na ana chupa. Usimlazimishe, mwulize kama anataka, na kama anataka mwende wote. Kifuko chake umeshamaliza? Hukusema. Kimalize leo, umpelekee mwenyewe, na ukifika umwambie hivi: tulikufuta, tulikosea. Usimweleze habari za mtego, nani aliuweka, nani aliutoa. Hayo si yake.

Mwandikie na mpishi wa shule. Asipopokea simu, nenda. Jikoni kwao kuna ukuta unaohitaji chokaa, na wanawake wa Upande Mmoja wana mikono.

Mume wako muache ale kimya siku mbili tatu. Amefiwa na mama yake mara mbili, na mara ya pili ni wewe uliyemletea habari.

Sasa wifi.

Ulichomwambia kilikuwa na ukweli ndani yake, na kilikuwa ukatili. Vyote viwili. Mwanamke aliyemwosha mama yake mpaka mwisho, kisha akakuosha wewe, hakuweka mtego ule kwa sababu anawachukia wanaosema titi. Kwao neno hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwa mtu, na aliyeugua titi alikufa. Wewe ulikatwa ukapona, kwako ni neno. Kwake ni maiti ya mama yake. Ulikaa naye meza moja miaka yote hiyo hukuwahi kumuuliza mama yao alikufa kwa nini, na yeye akakuuguza bila kukwambia, akimwona mama yake kila alipofungua bendeji yako. Nadhani hilo peke yake linatosha kukutoa dukani na kukupeleka kwake kwa miguu.

Usimtumie ujumbe. Nenda. Usianze na habari za kikundi. Mwambie, "Nilimsema vibaya mama yetu, nisamehe," na umwite mama yetu, si mama yenu, kwa sababu umeolewa humo. Akikufungia mlango, keti nje mpaka atakapokuwa na haja ya kutoka. Akikufungulia, mpe muda aseme, na akisema kifua muache aseme kifua. Yeye ni mtu mzima, mtu mzima hafundishwi neno kwa siku moja.

Halafu kuna jambo ambalo nimesoma barua yako mara tatu nikilitafuta, sikuliona. Mwanamke ambaye mama yake alikufa kwa saratani ya titi, anayekata vitambaa mbele yako kila siku: yeye amepimwa lini? Ulikuwa na kikundi cha maelfu ya wanawake, mnaulizana kila kitu, na mtu wa mbele yako hukumuuliza. Naye asingesema. Umeshaniambia kwamba hasemi.

Kwa hiyo mkishasameheana, au hata kabla hamjasameheana, mchukue mwende kliniki, wewe na yeye, asubuhi, mapema kabla foleni haijajaa. Mshike mkono kama alivyokushika kichwa. Kaa naye mpaka jina lake liitwe, na uingie naye ndani. Akishindwa kulitaja mbele ya daktari, litaje wewe.

Mshauri wako